Kuigeuza Tamthilia ya Majibizano Kuwa Filamu ya Wahusika Wengi

Anayetaka kuitengenezea filamu tamthilia iliyojengwa juu ya majibizano hupewa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: punguza maneno, toka nje. Ushauri huo una ukweli kiasi, lakini ukifuatwa kibubusa huzaa filamu yenye magari yanayopita, bahari wakati wa machweo, na wahusika wanaorudi sebuleni kusema yale yale waliyoyasema jukwaani. Maneno si adui wa filamu. Kinachobadilika ni nafasi ya msikilizaji. Ukumbini mtazamaji huwaona wahusika wote kwa pamoja na huchagua mwenyewe wa kumwangalia, ilhali kwenye filamu kamera imekwisha kumchagulia. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwandishi wa skripti, yaani andiko la filamu, ni kuamua, kwa kila kauli nzito, ni uso wa nani utakaoipokea.

Tangulia kupata idhini ya mtunzi au warithi wake kwa maandishi, na idhini hiyo itaje waziwazi kama unaruhusiwa kuongeza, kuunganisha au kuondoa wahusika. Wapo wanaoliahirisha jambo hili hadi filamu imekamilika, na ugomvi huanzia hapo.

Kisha isome tamthilia nzima kwa mkao mmoja, kwa sauti ikiwezekana, halafu uchore jedwali. Majina ya wahusika yakae juu, namba za kurasa zikae pembeni, na katika kila kisanduku usiandike mhusika amesema nini, bali andika kama yumo chumbani na amejua jambo gani ambalo ukurasa mmoja nyuma hakulijua. Jedwali hili hufichua watu ambao msomaji huwasahau: dada aliyekuwapo tangu mwanzo wa ugomvi lakini hana kauli kwa kurasa kumi, au mjomba aliyesikia siri na akaendelea kunywa chai. Jukwaani waigizaji hao hujitafutia la kufanya. Katika filamu inayobebwa na kundi zima, hao ndio akiba yako.

Hatua inayofuata ni kujua kila mtu amekuja na deni gani. Mfano mzuri ni *One Night in Miami*, tamthilia ya Kemp Powers iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013, ambayo Powers mwenyewe aliiandikia skripti na Regina King akaiongoza kuwa filamu ya mwaka 2020. Tamthilia inawakusanya mwanaharakati Malcolm X, bondia Cassius Clay (baadaye Muhammad Ali), mwimbaji Sam Cooke na mchezaji wa futiboli ya Marekani Jim Brown katika chumba cha hoteli usiku wa tarehe 25 Februari 1964, baada ya Clay kumshinda bondia Sonny Liston, na nguvu yake yote imo katika mabishano ya wanaume hao wanne. Filamu haikuanza na chumba. Inaanza kwa kumwonyesha kila mmoja peke yake mahali anapotikiswa: Clay anaangushwa ulingoni mjini London, Cooke anaimba mbele ya hadhira ya wazungu isiyomthamini, Malcolm anazungumza na mkewe kuhusu kujitenga na jumuiya yake ya kidini, Nation of Islam, na Brown anakaribishwa barazani na mzungu anayemmiminia sifa, kisha anazuiwa kuingia ndani kwa sababu ni mweusi. Tukio hilo la barazani ni fupi, lakini baada yake Brown anaweza kukaa kimya chumbani kwa muda mrefu, na sisi tukajua anachokifikiria. Huko ndiko kutoka nje kwenye faida. Sini (onyesho) mpya isiyobadilisha namna tunavyomsikiliza mtu atakaporudi chumbani ifutwe, hata kama mandhari yake yanapendeza.

Kuna wakati, hata hivyo, chumba hakistahili kuachwa kabisa. *12 Angry Men*, iliyoandikwa na Reginald Rose kwanza kwa ajili ya televisheni mwaka 1954 na kuongozwa na Sidney Lumet kuwa filamu mwaka 1957, huwafungia wanaume 12 wanaoamua hatima ya mshitakiwa, na karibu filamu yote hubaki humo. Lumet alianza na kamera iliyo juu kidogo ya usawa wa macho, akaishusha hatua kwa hatua hadi chini ya usawa huo, huku akitumia lenzi ndefu zaidi, zinazovuta vitu karibu, kadiri hadithi ilivyosonga, hata kuta zikaonekana kuwasogelea watu na dari ikaanza kuonekana. Mwandishi asiseme kwamba hayo ni ya mwongozaji na mpiga picha pekee. Skripti ndiyo inayotakiwa kuonyesha ni wapi joto linapanda, nani anahama kiti, na nani anabaki amekaa peke yake.

Ukifika kwenye kupunguza maneno, anza na yale yanayoielezea hadhira mambo ambayo wahusika wenyewe wanayajua. Ndugu hamwambii nduguye, “Kama ujuavyo, baba yetu alifariki siku arobaini zilizopita.” Ondoa pia kauli za kutangaza anayeingia, kwa sababu kamera inamwona. Lakini usikimbilie kukata marudio. Mtu anayerudia uongo ule ule mara tatu, kila mara mbele ya msikilizaji tofauti, anakupa sini tatu zenye maana tofauti. Kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja, utajua mapema ni kiasi gani hasa kinapaswa kutoka, badala ya kukatakata kwa woga.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndugu wanne wamekaa sebuleni baada ya arobaini ya baba yao, wakijadili nyumba ya urithi. Jukwaani kaka mkubwa anasema, “Tangu baba alipoanza kuugua, ni mimi niliyelipa hospitali, mimi niliyenunua dawa, nanyi mlikuwa mmekaa kimya huko mjini, kisha leo mnakuja kuniuliza hati iko wapi!” Ni kauli nzuri kwa ukumbi, maana inamfikia hata aliyekaa kiti cha nyuma. Kwa filamu, liulize kwanza jedwali: nani humu alimuuguza mzee? Ni Rehema, kitinda mimba, ambaye wakati huo anamimina chai. Basi skripti iandikwe hivi: kaka anasema, “Ni mimi niliyelipa hospitali”, Rehema anaacha kumimina, anaiweka birika chini, kisha anampelekea kikombe kila mtu isipokuwa kaka yake, swali la hati linaulizwa na mtu mwingine, na kaka analijibu huku akikitazama kikombe ambacho hakikuja. Maneno yamepungua zaidi ya nusu, na mgogoro ambao ulikuwa katika kauli ya mtu mmoja sasa umewaingia wanne.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili, salamu zina thamani ambayo mara nyingi tunaitupa tukidhani zinachelewesha hadithi. Shikamoo inayotolewa kwa wazee wawili kati ya watatu, au marahaba inayochelewa, humweleza mtazamaji nasaba na uhasama wa ukoo mzima bila maelezo ya ziada. Methali nazo zipunguzwe hadi ile moja ambayo anayeisema anaitumia kumchoma mtu fulani aliyemo chumbani. Kuhusu uzinenafsi, yaani mhusika kuzungumza peke yake, mimi huona ni afadhali umtafutie mhusika mtu asiyefaa kumsikiliza, kama mtoto au mgonjwa aliyelala, kuliko kumwekea sauti juu ya picha.

Mazungumzo marefu yanayobaki yasiogopwe. Katika *Fences* ya August Wilson, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Denzel Washington, sehemu kubwa ya mambo hubaki nyumbani na uani, na Troy, aliyeigizwa na Washington mwenyewe, anapokiri kwa mkewe Rose kwamba mwanamke mwingine ana mimba yake, uzito uko kwa Rose, aliyeigizwa na Viola Davis, kabla hata hajaanza kumjibu. Waigizaji hao wawili walikuwa wameicheza tamthilia hiyo jukwaani Broadway, New York, mwaka 2010. Nawe usipokuwa na bahati hiyo, tenga siku kadhaa za mazoezi mezani kabla ya kamera kuja, na katika siku mojawapo wahusika wasiosema waambiwe waeleze, sini kwa sini, wanasikia nini.

Siku ya kurekodi, kila msikilizaji muhimu apigwe picha kauli ikisemwa yote, mwanzo hadi mwisho, na msemaji aiseme kwa nguvu zile zile ingawa kamera haimwoni. Msaidizi anayesoma kutoka kwenye karatasi hawezi kumliza mtu. Kabla ya taa kuzimwa, wote warudi kwenye nafasi zao, wanyamaze, na fundi wa sauti arekodi ukimya wa chumba hicho kwa sekunde 30 au zaidi, kwa kuwa mhariri atauhitaji kila mahali ambapo neno limeondolewa.