Namna ya Kulinganisha Miti Miwili ya Binari kwa Fanksheni Inayojiita Yenyewe

Mwanafunzi wa kompyuta hapa Dodoma akitakiwa kuhakikisha kama miti miwili ya binari (mipangilio ya data ambamo kila nodi, yaani kituo chenye thamani, ina watoto wasiozidi wawili, wa kushoto na wa kulia) ni sawa kwa thamani na kwa umbo, mara nyingi hukimbilia kuichapisha yote miwili kwa mpangilio wa kushoto, nodi, kisha kulia, na kulinganisha orodha zinazotoka. Njia hiyo hudanganya. Chukua mti wa utafutaji unaopanga kwa alfabeti, yaani jina linalotangulia huenda kushoto na linalofuata huenda kulia, uingize majina ya wilaya zetu kwa mfuatano huu: Kongwa, Bahi, Mpwapwa. Kongwa itakuwa mzizi, yaani nodi ya juu kabisa, Bahi itakaa kushoto kwake na Mpwapwa kulia. Anza mti mwingine kwa Bahi, kisha Kongwa, kisha Mpwapwa, nawe utaona kila jina likiangukia kulia kwa lililotangulia, hata mti ukanyooka kama kamba. Orodha ya kila mti itasomeka Bahi, Kongwa, Mpwapwa, ilhali maumbo ni mbalimbali kabisa.

Andika basi fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina, inayopokea nodi mbili, moja kutoka kila mti, na swali lake la kwanza liwe juu ya utupu, yaani kama mahali hapo hapana nodi. Zote mbili zikiwa tupu, jibu ni kweli, kwa kuwa matawi yamekoma mahali pamoja. Ikiwa tupu moja tu, jibu ni si kweli. Hapo ndipo ulinganishe thamani, na zikitofautiana urudishe si kweli papo hapo. Zikilingana, fanksheni ijiite kwa watoto wa kushoto, kisha kwa watoto wa kulia, na jibu liwe kweli pale tu pande zote mbili zinapokubali.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Tuseme mti mmoja una Kongwa na mtoto wa kushoto Bahi, na mwingine una Kongwa peke yake. Mizizi inalingana, fanksheni inashuka kushoto na kukuta Bahi huku, utupu kule. Aliyetanguliza thamani anaomba jina kwa nodi isiyokuwapo, na programu inakatika.

Muda hauzidi kadiri ya nodi za mti mdogo, lakini kina cha miito, yaani idadi ya miito ambayo haijamalizika kwa wakati mmoja, hufuata urefu wa mti. Lugha ya programu ya Python kwa kawaida huweka kikomo cha miito 1000 ya namna hiyo, hivyo mti ulionyooka wenye maelfu ya nodi ulinganishwe kwa kitanzi, yaani amri zinazorudiwa bila fanksheni kujiita, kinachotunza jozi za nodi zinazosubiri.

Ukitaka kujua kama mti mmoja ni taswira ya mwingine kwenye kioo, badilisha miito miwili tu: kushoto kwa huu kulinganishwe na kulia kwa ule, na kulia kwa huu na kushoto kwa ule.