Kabla hujalipia mazoezi mengine ya mtoto

Mzazi mwenzangu wa Kisumu unayempakia mtoto kwenye tuktuk kila wiki kwenda tiba ya viungo, usipime huduma kwa wingi wa mipira ya rangi ukutani. Muulize mtaalamu: baada ya miezi 3, mtoto atakuwa anafanya nini nyumbani? "Atapata nafuu" si jibu. Jibu ni kama hili: atakaa mkekani dakika 2 bila kushikiliwa. Mrekodi mtoto kwa simu leo, kisha kila mwezi, mkeka uleule, saa ileile, akiwa ameshiba (njaa huharibu kila kitu). Na wewe je, umeonyeshwa namna ya kumbeba, kumkalisha na kumlisha? Mazoezi ni dakika chache. Siku zinazobaki yuko mikononi mwako. Ukiachwa kwenye benchi nje kila mara, omba kuingia.