Sambaza wa asubuhi, kabla ya kikaango

Wazazi wa Goma, mkishuka soko la Kituku, kando ya Ziwa Kivu, alfajiri kununua sambaza, wale samaki wadogo, wekeni pembeni wachache waliotoka ziwani muda huohuo. Mpasue mmoja tumbo kwa wembe, kamua kilichomo kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, kisha mwache mtoto atazame kwa simu iliyowekewa tone dogo la maji juu ya lenzi. Tone hilo hukuza vizuri ajabu. Ule uji uliomo ni mabaki ya zooplanktoni, vidudu vinavyoelea majini. Mchana vinajificha chini, usiku vinapanda, na sambaza anavifuata; ndiyo maana wavuvi wetu hutoka usiku na taa. Muulizeni mvuvi kuhusu mbalamwezi, atawaeleza kwa nini taa hushindwa. Mtoto aandike majibu kwenye daftari, na tarehe.

Mwambieni pia kwamba Kivu ina kina cha zaidi ya mita 450, lakini kupita mita 60 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Sambaza mwenyewe ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.