Anza na mizani, ukuta baadaye

Wanaoniuliza namna ya kuongoza biashara kwa imani mara nyingi huanza na ukuta: watundike aya gani, na juu ya mlango au juu ya keshia? Mimi nauza nafaka na viungo karibu na Marikiti, hapa Mombasa, na nimeajiri Waislamu na Wakristo. Wote huijua dini ya tajiri wao siku anapowaambia wapime kilo ya iliki.

Kwa hiyo anza hapo. Kila asubuhi kabla ya kufungua, weka jiwe la kilo moja juu ya mizani, wafanyakazi wakiona. Pima mfuko mtupu kwanza, uzito wake uutoe. Kwa mchele ni kitu kidogo, lakini kwa iliki mfuko ule ni pesa ya mtu. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, na Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, basi hapa hakuna atakayekwambia hiyo ni dini yako wewe. Ukiuza gunia, chomeka bambo, kile chuma cha kutolea nafaka kidogo guniani, katikati na chini pia, mnunuzi aone. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta kimeloa chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini asikiweke juu watu wakione.

Sasa lililo gumu. Mwambie karani wako, mbele ya wenzake, kwamba ukimwagiza achanganye mchele wa zamani na mpya bila mnunuzi kujua, akatae, na kazi yake haitaguswa. Kisha siku akikukatalia, unyamaze. Nawajua matajiri wenye mikono safi kwa sababu uchafu wote hushikwa na vijana wao.

Hamali alipwe siku ile ile. Hadithi inataka alipwe kabla jasho halijakauka, Walawi 19:13 inakataza ujira wake kulala kwako hadi asubuhi, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inahesabu malipo ya kibarua kuwa yameiva jioni. Tenga pesa zao asubuhi, tena noti ndogo, maana saa kumi na moja "sina chenji" huwa tamu sana mdomoni. Ukituma kwa M-Pesa, ada ya kutoa iwe juu yako.

Deni liandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, ni ya kuandikiana deni, wala si dalili ya kutoaminiana. Andika nakala mbili, moja abaki nayo mdaiwa. Mama wa mahamri akichelewa, nenda mwenyewe, usitume kijana akapige kelele mlangoni watoto wakisikia. Tazama: jiko linawaka, wateja wapo, naye anakukwepa? Mdai. Jiko limezimwa? Aya ya 280 imekuamuru umngoje, basi mpangieni kidogo kidogo kila wiki, bila kuongeza hata shilingi. Lakini weka kikomo cha mkopo kwa kila mteja. Huruma isiyo na kikomo hulipwa na mshahara wa wafanyakazi wako.

Chai ya maafisa hunenepa kwa uchelewaji wako. Leseni ifanyiwe kazi mapema, mtu mmoja ashike makaratasi, na kila malipo yawe na risiti. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inazitaka hata kampuni binafsi ziwe na utaratibu wa kuzuia rushwa, na mwenye mamlaka akijua au akishuku hongo imetolewa anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Wabandikie wafanyakazi hiyo, ikiwa ni lazima ubandike kitu.

Zamu za swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili zipangeni pamoja, wabadilishane. Hilo halina maneno mengi.

Kwa zaka, mwaka wa Kiislamu ukitimia, hesabu bidhaa kwa bei ya sokoni ya siku hiyo, ongeza fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Daftari la zaka liwe mbali na la mishahara: bahashishi uliyoahidi wafanyakazi ya Idi au Krismasi itoke kwenye faida yako, usiihesabu kuwa zaka.