Namna ya Kuicheza Raji: An Ancient Epic Bila Kuvunjika Moyo

Raji: An Ancient Epic ni gemu ya studio ndogo ya Nodding Heads Games iliyoko Pune, India. Ilipotoka mwaka 2020, mwezi Agosti kwenye Nintendo Switch na mwezi Oktoba kwenye kompyuta, PlayStation 4 na Xbox One, ilisifiwa kwa uzuri wa sura yake, na papo hapo ikalalamikiwa kwa mapigano yake mazito na kwa hadithi inayokatika ghafla. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini anayejua aitafute nini hatatoka mikono mitupu.

Kwanza, tumia toleo lililoboreshwa la mwaka 2022, kwa sababu ndilo lililoongezewa sauti za Kihindi. Ingia kwenye mipangilio, uchague Kihindi na kuacha maandishi ya chini yakiwaka. Wasimulizi ni miungu wa Kihindu wenyewe, Durga (mungu wa kike) na Vishnu, na kwa maoni yangu sauti zao za Kiingereza huwapunguzia haiba kiasi kwamba badiliko hilo pekee linatosha kuinusuru hadithi.

Pili, ufahamu kisa cha Durga kabla hujashika pedi ya kuchezea. Mhusika mkuu, Raji, ni msichana wa sarakasi anayemtafuta mdogo wake Golu, aliyetekwa na maasura, yaani mapepo wa visasili vya Kihindu, na Durga ndiye anayemkabidhi mkuki wenye ncha tatu. Ukijua kwamba miungu walipomshindwa asura Mahishasura, mwenye umbo la nyati, walimpa Durga silaha zao naye akamuua, hutashangaa kwa nini safari hii anachaguliwa msichana. Wasomaji waliokulia karibu na Wahindu wa Mombasa au Dar es Salaam huenda wanakijua kisa hicho kutokana na sherehe za Navaratri.

Michoro ya ukutani ndiyo hazina ya gemu hii, kwa hiyo usiipite mbio. Kila unapoona ukuta uliochorwa, msogeze Raji karibu na usubiri simulizi imalizike. Tazama pia majengo yenyewe, ambayo mtindo wake umetoka jimbo la Rajasthan, India, na rangi zilizofuata michoro midogo ya Pahari, ile ya vilima vya chini ya Himalaya. Matukio makuu husimuliwa kwa vikaragosi vya kivuli, na hayo usiyaruke hata kidogo.

Katika mapigano, tatizo ni kwamba Raji huchelewa kuitikia, na anayebonyeza kitufe cha kushambulia mfululizo hupigwa akiwa katikati ya pigo lake. Piga mara mbili au tatu, kisha ukwepe. Usibaki katikati ya uwanja. Kimbilia nguzo, mwache Raji aishike na kuzunguka nayo, ndipo ushambulie, kwani pigo linalotokea hapo huwafikia maadui waliokuzingira. Kuta nazo hutumika hivyo hivyo. Upinde uuweke kwa ajili ya walio mbali.

Mafumbo ya kuzungusha picha ni mepesi, wala hayahitaji maelezo.

Gemu nzima huchukua takribani saa nne hadi tano, na hadithi hukoma mara baada ya pambano na Mahabalasura, mkuu wa maasura, huku maswali mengi yakiachwa wazi. Lijue hilo mapema, na usiinunue kwa bei ya gemu ndefu. Subiri ipunguzwe bei.