SOMO: Mashine uliyoiunda upya inazimika ovyo? Pima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kabla hujanunua nyengine

Assalaam alaykum. Kila wiki swali ni hili hili: "Nimebadilisha bodi na prosesa, sasa napata skrini ya bluu, ninunue RAM gani?" Usinunue kitu bado. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Dalili ya RAM mbovu ni maneno ya skrini hiyo yanayobadilika: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa faili la zip linakataa kufunguka. Yakiwa yale yale kila siku, tena kwenye mchezo mmoja tu, anzia kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa).

1. Nakili mafaili yako nje.

2. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi), zima XMP, yaani mpangilio wa kuikimbiza RAM. RAM ya aina ya DDR4 iliyoandikwa mwendo wa 3200 mara nyingi huamka na 2133 au 2400. Hiyo 3200 ni kuikimbiza, kwa kawaida kwa volti 1.35 badala ya 1.2. Mashine ikitulia baada ya kuzima XMP, huenda RAM ni nzima, ila mwendo ule hauwezekani kwa bodi au prosesa yako.

3. Weka Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye fleshi, washia humo. Ikigoma, zima Secure Boot (kinga inayozuia programu isiyotambulika kuwasha mashine) ndani ya BIOS.

4. Pima kipande kimoja kimoja cha RAM. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki utoke. Taa ya bodi ikiwa inawaka, USIGUSE RAM. Tia kipande kwenye tundu la pili kutoka prosesa (kwenye bodi nyingi za matundu manne limeandikwa A2). Bodi nyingi zina kibano upande mmoja tu, na ule usio na kibano ndio unaodanganya: unaonekana umezama, kumbe umebaki juu kwa unene wa ukucha. Kandamiza ncha zote mbili, kisha mulika tochi: meno ya dhahabu ya kipande yasionekane upande mmoja zaidi ya mwengine. Rudisha waya, washa Memtest86+, iache usiku kucha, duru nne au zaidi (duru ni kuipitia RAM yote mara moja). Haisimami mpaka uizime.

Mstari mmoja mwekundu unatosha, hakuna "makosa machache si neno". Lakini kosa halijasema kipande ni kibovu! Kihamishie tundu jengine. Kosa likikifuata kipande, kipande kimekufa. Likibaki kwenye tundu kwa kila kipande, shuku tundu, pini za soketi zilizopinda, au skrubu za feni zilizokazwa upande mmoja. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na wewe ndo kwanza umeishika. Legeza, kaza upya kwa mshazari, kidogo kidogo. Badilisha jambo moja tu kila mara.

5. Ukishapona, endesha sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha mafaili yake. RAM mbovu huandika uchafu kwenye diski, na uchafu unabaki.

MASWALI

kijana_wa_wete: Kaka sijasoma yote, nina 8GB, niongeze ngapi?
— Soma hatua ya 4.

kijana_wa_wete: Nimepima dakika kumi, iko sawa.
— Dakika kumi si kipimo. Huenda hata duru moja haijaisha hapo. Laza usiku.

bi_paje: Kaka, kipande kimoja kimoja vinapita, viwili pamoja vinatoa makosa. Kwa nini?
— Swali zuri dada. Viwili pamoja vinamlemea zaidi kidhibiti, na kama umevinunua mbalimbali, hata jina likiwa moja, chipu za ndani zaweza kutofautiana. Hakikisha viko A2 na B2 (tundu la pili na la nne), kisha shusha mwendo: 3200 ikigoma jaribu 2933, halafu 2666. Kila ukishusha, pima upya. Ikitulia 2666, iache hapo. Kwa kazi za kawaida tofauti huioni.

bi_paje: Na huku pwani, meno ya dhahabu yamefanya weusi.
— Chumvi hiyo. Futa taratibu kwa raba nyeupe ya penseli, pangusa kwa spiriti. Ya asilimia 70 ina maji, basi iache ikauke kabisa. Msasa usiusogeze karibu, dhahabu ile ni utando tu.

chake_fundi: Niongeze: RAM ya akiba iwekeni kwenye kopo la kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Masika ndo hatari.
— Ahsante sana fundi. Na umeme ukikatika katikati ya kipimo, anzeni duru upya.