Namna ya kufunga kamba za raba za kukimbilia

Mkimbiaji ambaye kisigino chake kinapanda na kushuka ndani ya raba hukimbilia kukaza kamba zote, na mwishowe vidole vinakufa ganzi huku kisigino kikiendelea kucheza vilevile. Kinachohitajika ni kukaza mahali panapostahili na kulegeza pengine.

Tuanze na tundu la juu kabisa, lile lililokaa nyuma kidogo ya mstari wa mengine, ambalo wengi huliacha wazi tangu siku waliponunua viatu. Vaa raba, gonga kisigino sakafuni mpaka kikae nyuma kabisa, kisha pishanisha kamba kama kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Hapo usivushe tena: ingiza kila ncha katika tundu la mwisho la upande uleule, kutoka nje kwenda ndani, na uache kitanzi kidogo kwa nje. Pitisha ncha ya kulia katika kitanzi cha kushoto na ya kushoto katika cha kulia, halafu vuta zote mbili kuelekea chini, kwenye soli, wala si juu kama ulivyozoea. Utahisi kiatu kikikumbatia kifundo cha mguu, ilhali sehemu ya vidole haijabanwa hata kidogo. Mwaka 2009 Marco Hagen na Ewald Hennig, watafiti wa Ujerumani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kamba zilizokazwa vizuri hadi matundu ya juu hupunguza ukali wa kishindo mguu unapotua, kwa hiyo faida yake haiishii kwenye malengelenge.

Ikiwa maumivu yako juu ya mguu, tafuta kwa kidole mahali hasa panapouma, na usipishanishe kamba hapo. Ipandishe wima kila upande hadi tundu linalofuata, ndipo uendelee kupishanisha. Mwenye unyayo mpana mbele aache wazi matundu mawili ya kwanza. Kucha zikiwa nyeusi baada ya kuteremka milima, vile vitanzi vya tundu la juu vitazuia mguu kuteleza mbele, ingawa raba iliyo fupi haitibiwi na kamba, na hapo ni heri kutafuta namba kubwa zaidi.

Limebaki fundo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mwaka 2017 kwamba kishindo cha mguu hulegeza fundo, huku ncha zinazorukaruka zikilivuta mpaka lifunguke ghafla. Tazama fundo lako: vitanzi vikilala kufuata urefu wa kiatu badala ya kukikata kwa upana, ni fundo dhaifu. Dawa yake ni kubadili hatua ya kwanza tu, yaani kama huwa unatanguliza kamba ya kulia juu ya ya kushoto, sasa tanguliza ya kushoto. Mikono itapinga kwa siku chache.

Mguu huvimba kidogo ukipata joto, basi kimbia dakika kumi, simama, na ulegeze matundu ya mbele pekee ikiwa vidole vinabanwa.